Ruhusa ya Kutoka na Kitabu

Katika mitaa ya kaskazini ya mji wa Bujumbura, Mutakura ni mtaa ujulikanao kwa barabara zake ziitwazo kwa nambari, kwa nyumba zake zilizosongamana ua kwa ua, na kwa wingi wa vijana wake; na mtu apitaye huko jioni, wakati wanafunzi warejeapo kutoka shule za msingi na lise hali madaftari yao wameyabana kwapani, ataona madaftari mengi na vitabu vichache. Sababu yake kila mzazi aijua. Kitabu cha dukani kina bei isiyolingana na mfuko wa mtu mwenye watoto watano, na kile cha shule, ambacho aghalabu wanafunzi kadhaa hukigawana dawati moja, hakiruhusiwi kulala nje ya shule. Basi mwanafunzi huishi kwa yale aliyoyanakili ubaoni, na kama alinakili kwa makosa, husoma makosa yake mpaka siku ya mtihani.

Suala hili, la nani aruhusiwe kushika kitabu na nani aruhusiwe kutoka nacho mlangoni, halikuanzia Mutakura wala halikuanza jana. Lina umri wa zaidi ya miaka 2,600, na ndilo nitakalolifuata hapa, kwa kuwa naona wale watuandikiao tarehe za maktaba wamezoea mno kutuhesabia vitabu na kutusifia nguzo za majengo, wakasahau kutueleza mlangoni alisimama nani, na alimwambia nini mtu asiye na cheo aliyefika hapo akiomba kusoma.

Tuanze Ninawi, mji wa kale uliokuwa kando ya mto Tigris, karibu na Mosul ya leo katika nchi ya Iraki. Huko, katika karne ya 7 kabla ya Masihi, mfalme Ashurbanipal wa Ashuru, mtu aliyejivunia elimu yake ya kusoma kama alivyojivunia simba aliowaua kwa mkono wake, aliwatuma watu wake katika mahekalu na nyumba za waandishi wa Babeli wakamkusanyie vibao vya udongo vyenye maandishi ya tiba, ya falaki, ya ramli, ya sala na ya hadithi za kale. Wachimbaji wa karne ya 19 walivumbua vibao na vipande zaidi ya 30,000, ambavyo sasa vimo katika jumba kuu la makumbusho mjini London, na vimetufikia kwa njia ya ajabu, maana adui walipouteka mji mwaka 612 kabla ya Masihi na kuutia moto, moto ule uliuchoma udongo ukawa mgumu, na maneno yakadumu pale ambapo mji haukudumu. Lakini tazama alichokiandika mwenye mali mwishoni mwa baadhi ya vibao hivyo: jina lake, sifa za utawala wake, na laana ya miungu kwa yeyote atakayethubutu kukiondoa kibao au kuliandika jina lake mwenyewe mahali pa jina la mfalme. Maktaba ile ilikuwa ya mtu mmoja, na kanuni yake ya kuazima ilikuwa laana.

Iskandaria ya Misri, iliyofuata baada ya karne nne, ilikuwa na mkono mkunjufu zaidi, ingawa si sana. Wafalme wa nasaba ya Ptolemy waliwalisha na kuwalipa wanazuoni wakae pale wasome, na mmoja wao, mshairi Callimachus, alitunga orodha ya waandishi na kazi zao iliyojaza magombo 120, kazi ambayo mkutubi yeyote wa leo, hata aliye na tarakilishi, ataiheshimu. Ama jinsi vitabu vilivyopatikana, tabibu Galen, aliyeandika muda mrefu baadaye, asimulia kwamba merikebu zilipotia nanga bandarini zilipekuliwa, magombo yakachukuliwa kunakiliwa, na wenyewe wakarudishiwa nakala ilhali asili ikibaki kwa mfalme. Asimulia tena kwamba Ptolemy wa tatu aliazima kutoka Athens nakala rasmi za tamthilia za Aeschylus, Sophocles na Euripides, akaweka rehani talanta 15 za fedha, kisha akaona heri aipoteze rehani kuliko kuvirudisha vitabu. Watu wanaokaa na vitabu vya maktaba miaka na miaka wapate faraja: ukoo wao ni wa kifalme. Na wale wapendao kuuliza ni nani aliyeichoma maktaba ya Iskandaria, wakamtaja huyu Kaisari na huyu mwingine fulani, huwa wanatafuta mkosaji mmoja mahali ambapo kosa liligawanyika kwa karne kadhaa, kwani maktaba ile ilidhoofika kidogo kidogo kwa kukosa fedha, walinzi na watu wa kuijali, na maktaba nyingi duniani zimekufa kifo hicho hicho kisicho na moshi.

Jambo lililobadilisha hali kwa hakika lilikuwa karatasi. Mafunjo ya Misri na ngozi za wanyama vilikuwa vitu vya thamani, na kitabu kimoja kiliweza kumaliza kundi la kondoo. Lakini ufundi wa karatasi, uliotoka Uchina ukapita Samarkand, ulipofika Baghdadi mwishoni mwa karne ya 8, kitabu kikawa kitu ambacho hata mtu wa kawaida aliweza kukitamani. Pakazuka soko zima la warraqina, yaani watu wa kunakili na kuuza vitabu, na katika maduka yao hadithi yasema al-Jahiz wa Basra, mwanafasihi mkubwa ambaye babu yake husemwa alikuwa mtu mweusi, alikuwa akikodi duka usiku kucha ili asome kilichomo kabla ya mwenyewe kufungua asubuhi. Mmoja wa warraqina hao, Ibn al-Nadim, aliandika mwaka 377 wa Hijra, sawa na 987 wa Miladi, kitabu chake cha Fihrist, orodha ya kila kitabu cha Kiarabu alichokijua. Na vingi katika alivyovitaja leo twavijua kwa jina tu.

Baghdadi yenyewe, na Bayt al-Hikma yake ya enzi ya khalifa al-Maamun, imekwisha kusifiwa na wengi, nami sina la kuongeza. Mji ninaotaka tuukalie kitako ni Marw, uliokuwa katika nchi ya Khorasani, leo Turkmenistani, kwa ajili ya mgeni mmoja aliyefika huko mwanzoni mwa karne ya 13. Jina lake Yaqut al-Hamawi. Alizaliwa katika nchi za Warumi wa mashariki, akatekwa akali mdogo, akauzwa Baghdadi kwa mfanyabiashara ambaye, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa hodari wa kuandika, alimsomesha mtumwa wake ili amtunzie daftari za biashara. Na mtumwa yule, alipopata uhuru, akawa mwanajiografia ambaye kamusi yake ya nchi na miji hutumiwa hata leo. Huyu asimulia kwamba aliikuta Marw na maktaba 10 za wakfu, na katika moja yake juzuu zikikaribia 12,000, na kwamba nyumbani alikopanga hazikukosekana wakati wowote juzuu 200 au zaidi alizoziazima, nyingi katika hizo bila ya rehani yoyote, ingawa thamani yake ilikaribia dinari 200.

Msomaji na atafakari habari hiyo. Mgeni, asiye na ukoo katika mji, mtumwa wa jana, atoka mlangoni na mzigo wa vitabu ambao bei yake yatosha kumtia mtu tamaa, na hakuna anayemshika nguo. Liliwezekanaje? Liliwezekana kwa sababu ya wakfu, ile kanuni ya sheria ya Kiislamu ambayo kwayo mtu huitoa mali yake kwa ajili ya Mungu, na tangu siku hiyo mali ile haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, ila manufaa yake huwaendea wale aliowataja mwenye kutoa. Vitabu vile havikuwa tena vya tajiri aliyevinunua, na mkutubi aliyevilinda hakuwa na haki ya kumzuilia mtafutaelimu kitu ambacho kilikwisha kuwa chake. Yaqut aliuhama mji kwa kuwakimbia Wamongolia, nao wakauangamiza mwaka 1221, miaka 37 kabla ya kuiangamiza Baghdadi. Lakini mengi aliyoyakusanya Marw yalikwisha kutoka mle ndani katika kalamu yake. Kwetu sisi ana haki ya ziada, kwani katika kamusi yake mna habari za Mogadishu, za Unguja, na za kisiwa cha Tumbatu, zilizo miongoni mwa habari za kale tulizonazo za pwani yetu.

Ulaya ya siku hizo ilikuwa ikivifunga vitabu kwa minyororo, na sisemi hivi kwa mfano: katika kanisa kuu la Hereford nchini Uingereza minyororo ya namna hiyo ipo mpaka leo, mmoja kwa kila jalada, mirefu kiasi cha kumwezesha msomaji kukifikisha kitabu mezani na si zaidi. Haikuwa hasadi. Kitabu kilichoandikwa kwa mkono kilikuwa na thamani ya shamba, na mtu hafungui zizi akaenda kulala. Baada ya Johannes Gutenberg wa Mainz kupiga chapa Biblia yake karibu na mwaka 1455 bei zilianguka, minyororo ikafunguliwa taratibu, na hatimaye mwaka 1850 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuiruhusu miji kutoza kodi kwa ajili ya maktaba za watu wote. Kisha tajiri Andrew Carnegie, aliyewatumikisha wafanyakazi wake wa chuma kwa ukali uliojulikana, akatumia sehemu ya utajiri huo kujenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani.

Sasa turudi kwetu. Pwani ya Waswahili haikungoja Mzungu ije ipate kujua kitabu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa na waandishi wa misahafu ambao kazi zao za karne ya 18 na 19, kwa wino mweusi na mwekundu na mapambo yasiyofanana na ya Arabuni, leo hutazamwa na mabingwa wa sanaa kama shule ya peke yake. Lamu, katika msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Saleh, kuna hazina ya miswada ya nahau, fiqhi, mashairi ya maulidi na tasaufi, ambayo katika miaka ya karibuni imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa msaada wa maktaba ya taifa ya Uingereza, asili zikibaki Lamu. Yeyote aliyezoea miswada ya namna hii ajua jambo la kutafuta kwanza katika kurasa za mwanzo: mstari mmoja au miwili, kwa mwandiko tofauti na wa kitabu, usemao kwamba fulani bin fulani amekifanya kitabu hiki wakfu kwa wanafunzi, hakiuzwi wala hakirithiwi. Ni ile ile kanuni ya Marw, imesafiri kwa merikebu, ikatua katika ukurasa wa kitabu kilichotafunwa na mchwa pembeni.

Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliingiza mtambo wa kupiga chapa na kuchapisha vitabu vya dini na sheria, kikiwamo Kamusi al-Sharia, kazi ya Kiibadhi yenye majuzuu mengi mno. Lakini Sultani huyo huyo alimpa balozi John Kirk nakala ya tarehe ya Kilwa kwa Kiarabu, nayo ikaenda London, iliko hadi leo. Muswada wa zamani wa Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728, uko Hamburg nchini Ujerumani. Wala sitaki kuwalaumu wote waliovichukua, maana baadhi walivinunua kwa halali na pengine wameviokoa na mvua. Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba mjukuu wa Pate atakaye kuuona mwandiko wa babu zake huhitaji viza. Kazi ya J. W. T. Allen na wenziwe, waliokusanya miswada na kuiweka katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam na kuifanyia orodha iliyotoka mwaka 1970, yastahili shukrani kwa sababu hiyo, kwamba waliyoyakusanya waliyaacha nchini.

Mombasa ilipata maktaba ya umma mwaka 1903, nayo ilibeba jina la Seif bin Salim, mwenyeji na si gavana, pamoja na chumba cha kusomea bila malipo. Nairobi ilingoja mpaka 1931, ndipo lilipofunguliwa jumba ambalo Lady McMillan alilijenga kumkumbuka mumewe, William Northrup McMillan, jengo la nguzo nyeupe lenye simba wawili wa mawe mbele yake, kwa msaada wa fedha za Carnegie yule yule. Na tangu siku ile hata 1958 Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kuingia kusoma. Kwa miaka 27 watu waliofagia ngazi zile na kufuta vumbi la rafu zile hawakuwa na haki ya kufungua kilichomo ndani. Huo ulikuwa mnyororo wa Hereford, ila safari hii haukufungwa kwenye kitabu. Leo jumba hilo ni mali ya mji wa Nairobi, na shirika la Book Bunk limeshughulikia ukarabati wake na wa matawi yake ya Kaloleni na Makadara, ili liwe la watu waliokatazwa.

Wakati huo huo, mwaka 1948, serikali za Kiingereza zilianzisha huko Nairobi Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki, ambayo wengi twaikumbuka kwa vitabu vyake vya Kiswahili vilivyouzwa kwa senti, na ambayo ilikuwa na huduma isiyosifiwa inavyostahili: masanduku ya mbao yaliyojazwa vitabu yakapelekwa kwa treni, lori na posta katika shule na vituo vya bara, yakakaa miezi, kisha yakabadilishwa. Sanduku halina nguzo wala simba wa mawe, lakini lilifika mahali ambapo McMillan haikufika. Baada ya uhuru Tanganyika ilipitisha sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam, ambayo hadi leo imejaa wanafunzi waliokimbia kelele za nyumbani. Kenya ilifuata kwa sheria yake mwaka 1965, na tangu 1996 imekuwa ikiwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu juu ya ngamia, jambo ambalo wageni hulipiga picha kama kichekesho, ilhali ni akili safi: mahali pasipo barabara, ngamia ndiye lori.

Nchi ya Burundi haikuwa katika mpango huo, kwa kuwa ilikuwa chini ya Wabelgiji. Kabla yao ilikuwa na hazina zake zisizo na herufi. Walikuwako abanyamabanga, walinzi wa siri za ufalme, waliohifadhi taratibu za kumsimika mwami, yaani mfalme, za kuyatunza makaburi ya wafalme, na za umuganuro, sherehe ya kupanda mtama ambayo ilivunjwa enzi za ukoloni. Na elimu yao, kama ile ya Ninawi, ilikuwa na mlango uliofungwa kwa makusudi, ingawa uwanjani, penye ngano, methali na mashairi ya kusifu ng'ombe, kila mtu aliruhusiwa kusikiliza na kuondoka nayo kichwani. Watu wa pwani na wa Ujiji, waliovuka ziwa Tanganyika kwa mitumbwi, walileta Kiswahili na chuo cha Kurani; na katika mtaa wa Buyenzi hadi leo ziko nyumba ambamo msahafu, vitabu vya fiqhi na barzanji hukaa juu ya kabati, vimefungwa kwa kitambaa, vikingoja Ijumaa na maulidi. Wamisionari walileta katekisimu na shule, na magazeti ya Kirundi. Chuo kikuu kikaja mwaka 1964. Wabelgiji walipoondoka mwaka 1962 sehemu kubwa ya nyaraka za utawala wao ilikwenda Brussels, na hivyo Mrundi atakaye kuiandika tarehe ya miaka hiyo, kama yule mjukuu wa Pate, hupanda ndege.

Na kilichofuata kiliwapunguza wasomaji kabla ya vitabu. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwapata kwa namna ya pekee watu waliosoma, walimu, wanafunzi na makarani, na walioponea walikimbilia nchi jirani, wengi wakaishia katika makazi ya Tanzania kama Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako watoto wao walisoma kwa Kiswahili. Hao na watoto wao, waliporejea miongo kadhaa baadaye, walirudi na lugha ambayo maktaba za nyumbani hazikuwa zimeitayarishia rafu.

Juhudi mbili ndizo ninazoziona kuwa na maana kubwa kwa mtu wa kawaida. Ya kwanza ni vituo vya kusomea viitwavyo CLAC, vilivyobuniwa na jumuiya ya nchi zisemazo Kifaransa, vikaanzia Benin mwaka 1986, na ambavyo Burundi ilivipokea katika miji midogo ya mikoani: chumba kimoja cha vitabu takriban 2,500, televisheni, michezo ya mezani, na mwangalizi aliyefunzwa. Ya pili iko Kamenge, mtaa jirani na Cibitoke ambamo Mutakura imo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wamisionari Waxaveri walijenga hapo Kituo cha Vijana Kamenge, chenye viwanja vya michezo, madarasa na maktaba, kwa ajili ya vijana wa mitaa yote ya kaskazini bila kuwauliza kabila wala dini. Hawakujua wanajenga saa ngapi. Tarehe 21 Oktoba 1993 rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita vikazuka, na mitaa hii ikagawanyika, Wahutu wakihamia huku na Watutsi kule, hata kuvuka barabara moja ikawa jambo la kuhatarisha roho. Kituo kilibaki miongoni mwa mahali pachache ambapo kijana wa Kamenge na kijana wa Cibitoke waliweza kukutana, na mwaka 2002 kikapewa tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo.

Wengi husifu viwanja vyake vya mpira, nami sivibezi. Hata hivyo mpira huwagawanya watu pande mbili ili wacheze, ilhali meza ya maktaba huwaketisha upande mmoja. Na kijana anayejitayarisha kwa mtihani wa taifa, akiwa na kitabu kimoja cha hesabu ambacho mwingine naye anakingoja, hulazimika kusemezana na huyo mwingine, amwulize atakimaliza lini, na pengine, maadamu swali la nne limewashinda wote wawili, walitafute jawabu pamoja. Fungua jalada la nyuma la kitabu chochote cha maktaba kilichotumika sana, utaona karatasi iliyobandikwa, yenye safu ya tarehe zilizopigwa muhuri, moja chini ya nyingine, nyingine zikiwa zimekosa nafasi na kupandiana. Kila tarehe ni mtu aliyeaminiwa. Katika mji ambao jirani alikuwa amekwisha kukosa imani na jirani, karatasi hiyo si kitu kidogo.

Kasoro ziko, na si haki kuzinyamazia. Vitabu vya vituo vyetu ni vya Kifaransa kwa sehemu kubwa mno, na katika hivyo vingi ni sadaka kutoka Ulaya, zilizofungwa katika makasha na watu wema waliokuwa wakisafisha rafu zao. Kwa hiyo mtoto wa Mutakura, asemaye Kirundi nyumbani na Kiswahili sokoni, hupewa kitabu cha sheria za ushuru wa nchi nyingine, cha miaka thelathini iliyopita, na akikirudisha bila kukisoma husemwa kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kusoma. Tangu Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimekuwa somo katika shule za msingi, na mabasi huenda na kurudi Dar es Salaam yakiwa na kila bidhaa, sabuni, vitenge, vipuri, mchele. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili vilivyochapwa huko huwa ni nadra katika mizigo hiyo. Simu ya mkononi imesaidia kiasi, nami sina ugomvi nayo, ila vifurushi vya intaneti hununuliwa kwa fedha zile zile zilizokosekana kwa ajili ya kitabu, na mtoto akiazimwa simu kwa saa moja, saa hiyo mara chache huishia katika kusoma.

Mtaa haungoji jumba la nguzo nyeupe. Waliotuonyesha njia, tangu wakfu wa Marw hadi masanduku ya mwaka 1948, walihitaji vitu vitatu tu: chumba au sanduku lenye kufuli, daftari la kuandikia majina, na mtu mmoja mwenye moyo wa kuamini kwamba kitabu kikitoka kitarudi. Viongozi wa Mutakura na mitaa jirani, misikiti na makanisa yenye vyumba vitupu siku za juma, na wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi wenye nakala zisizouzwa ghalani, wote wana sehemu yao katika jambo hili. Nawe msomaji, ikiwa una vitabu vya Kiswahili ulivyokwisha kuvisoma, vipeleke katika kituo cha kusomea kilicho karibu nawe, uandike katika ukurasa wa kwanza kwamba haviuzwi wala havirithiwi. Na ikiwa kipo ulichokiazima kwa watu ukakaa nacho, anza kwa kukirudisha hicho.